Matanga Yakianuliwa, Msiba Haujaisha

Usiku wa Juni 15, 2014, watu wenye silaha walivamia Mpeketoni, Kaunti ya Lamu. Usiku huo na uliofuata, watu zaidi ya 60 waliuawa. Julai ikaja kafyu, na wavuvi wa visiwani wakazuiwa kuvua usiku. Hofu na hasara zikavuka maji.

Misiba kama hii huacha jeraha lisiloonekana. Mtu huja kwa daktari akilalamikia kichwa, kifua kubana, moyo kwenda mbio. Vipimo havionyeshi kitu. Usiku hapati usingizi. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Siku za mwanzo hayo ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua. Yakipita mwezi mmoja na kumzuia kazi zake, huo ni ugonjwa, na una tiba. Si wazimu, wala si upungufu wa imani.

Matanga yetu ni dawa: jamaa hupika, hukesha, huomba dua. Lakini siku tatu zikiisha, watu hutawanyika, na mfiwa huambiwa ajikaze. Kwa Waislamu, eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Je, wewe humtembelea kwa muda gani?

Mwendee hata wiki ya sita. Usimlazimishe kusimulia, akianza, msikilize. Usimpe vidonge vya usingizi alivyoandikiwa mwingine. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nasi madaktari, kabla ya kuandika dawa ya kichwa, tumwulize mgonjwa yaliyomfika.