NANI ASOME KWANZA?



Katika mkutano uliopita wa tawi lilizungumzwa jambo ambalo sikulala nalo vizuri. Ofisi ya shamba moja iko tayari kutupa karatasi na wino wa kijarida hiki bure, ila nakala ya kwanza apelekewe meneja aisome kabla haijatolewa. Wajumbe wengine walipiga makofi. Mimi napinga, na sababu yangu naitoa katika mambo yaliyopita hapa hapa Kenya.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Magazeti ya Waafrika yakafungwa. Mumenyereri, gazeti la Kikuyu, lilianzishwa mwaka 1945 na Henry Muoria, ambaye zamani alikuwa gadi wa reli, mfanyakazi kama sisi. Siku ile ya tangazo alikuwa London. Gazeti lake likapigwa marufuku, naye akabaki huko huko, akarudia kazi ya reli, mpaka akafa mwaka 1997. Sauti ya Mwafrika ya chama cha KAU nayo ikanyamaza, na KAU chenyewe kikafutwa Juni 1953. Pio Gama Pinto, mwandishi wa magazeti, alikamatwa mwaka 1954 akapelekwa kisiwa cha Manda.

Msidhani nchi ilikaa bila gazeti. Baraza, la Kiswahili, liliendelea kutoka kila juma miaka yote ya vita. Lilikuwa mali ya kampuni ya East African Standard, gazeti la masetla. Mzee mmoja wa kambi yetu, ambaye wakati ule alikuwa kijana mchumaji, alitusimulia jinsi walivyolisoma. Baada ya kupima majani, mmoja aliyejua kusoma alikaa mlangoni na wengine wakamzunguka. Walisikia hesabu ya "magaidi" waliouawa, kisha bei, kisha mpira. Mtu akiuliza, "Na wale wa msituni wanasemaje?" msomaji aligeuza karatasi upande wa pili, akatazama, akaikunja.

Na wale wa msituni walikuwa na la kusema. Walikuwa na makatibu wao, na Dedan Kimathi mwenyewe alikuwa mtu wa kuandika sana. Lakini daftari si gazeti. Halikufika kambini Kericho.

Silitukani Baraza. Lilifundisha wengi kusoma Kiswahili, na waandishi wake Waafrika walikuwa na watoto wa kulisha. Ndugu mmoja aliniambia, "Nusu ya gazeti ni bora kuliko kukosa." Ana haki kwa sehemu: lililofungwa halisomwi na mtu. Ila atazame ni nusu ipi inayobaki. Mpira hubaki. Bei ya sukari hubaki. Kinachotoka ni kile ambacho mwenye karatasi hapendi kisikike, na msomaji haambiwi kwamba kimetoka.

Hata vita vilipokuwa vimekwisha msituni hofu ya karatasi haikwisha. Uhuru, kijarida cha chama cha Tom Mboya cha People's Convention Party, kilipigwa marufuku mwaka 1959. Serikali yenye ndege na askari iliogopa kurasa chache!

Sasa tuje kwetu. Toleo lijalo tumekusudia kuandika habari za mashine za kuchuma majani, na akina mama wangapi wameachishwa kazi katika kambi zetu tangu zilipoletwa. Mnadhani ukurasa huo utarudi kutoka mezani kwa meneja? Utarudi na habari za mashindano ya mpira, Kericho na Bomet, na picha ya kikombe.

Jambo hili litapigiwa kura Jumapili baada ya ibada. Rimu moja ya karatasi hatushindwi kununua, kila mjumbe akitoa shilingi ishirini. Yangu nimekwisha mpa mweka hazina, na risiti ninayo.

Mjumbe wa Kambi