Uvumi unapohesabiwa kuwa ushahidi

Kila msimu wa mvua habari za namna moja hurudi katika makanisa yetu ya Kivu. Radi imepiga, au mtoto amekufa kwa homa ya siku mbili, na kabla ya kilio kwisha jina la mtu limekwisha kutajwa. Mara nyingi ni jina la mama mzee, mjane anayeishi peke yake. Wengine wamechomewa nyumba, wengine wameuawa. Na sisi wachungaji tunajua, hata kama hatupendi kulisema, kwamba mara nyingine jina lile lilitoka katika chumba cha maombi.

Ndiyo sababu tumeona vema kukumbusha kesi moja ya zamani huko Ufaransa. Aliyeuawa alikuwa Mprotestanti kama sisi, na aliyemtetea alikuwa Voltaire, mwandishi aliyelicheka kanisa maisha yake yote.

Jean Calas aliuza vitambaa katika mji wa Toulouse. Wakati ule sheria ya Ufaransa haikutambua ndoa ya Waprotestanti isipofungwa na padri, na bila hati ya padri mtu hakuweza kuwa avoka. Mtoto wake wa kwanza, Marc-Antoine, alisoma sheria, kisha akakuta mlango huo umefungwa. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761 alikutwa amekufa dukani, huku jamaa wakiwa juu na mgeni wao baada ya chakula. Watu wakajaa barabarani. Sauti moja katika umati ikasema kwamba baba amemuua mwanawe kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Ilitosha.

Jamaa nao walikosea. Siku zile maiti ya mtu aliyejiua iliburutwa barabarani. Ili kumwepusha kijana na aibu hiyo, walisema kwanza kwamba walimkuta amelala chini amenyongwa. Baadaye wakakiri kwamba walimkuta amejinyonga. Kubadilisha maneno kuliwamaliza.

Kisha mimbara ikaingia. Tangazo lilisomwa makanisani likimwita kila aliyejua au aliyesikia jambo juu ya kifo hicho aje kusema, na tangazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamua kisa ni nini. Marc-Antoine akazikwa kwa heshima kama shahidi wa imani ya Kikatoliki, baba yake akiwa gerezani. Tarehe 10 Machi 1762 Calas, mzee wa miaka 63, alivunjwa mifupa kwenye gurudumu mbele ya watu, akisema mpaka mwisho kwamba hana kosa. Waamuzi 8 kati ya 13 ndio waliotaka afe.

Voltaire alikuwa akiishi Ferney, karibu na Geneva. Habari ilipomfikia, naye aliiamini na akafanya mzaha juu ya Waprotestanti. Lakini mashaka yakamjia. Alimtafuta Donat, mtoto mdogo wa Calas aliyekuwa Geneva, akamuuliza maswali mepesi. Mzee wa miaka 63 angewezaje peke yake kumnyonga kijana wa miaka 28? Kama alisaidiwa, mbona wengine waliokuwa nyumbani hawakuhukumiwa kifo pamoja naye? Tena mtumishi wa nyumba alikuwa Mkatoliki, naye alikuwapo usiku ule.

Ndipo mzaha wake ukawageukia waamuzi. Tribinali ya Toulouse ilikuwa na desturi ya kuhesabu vipande vya ushahidi. Voltaire akapiga hesabu: kama neno la kusikia ni robo, na uvumi dhaifu zaidi ni sehemu ya nane, basi fununu nane ni ushahidi kamili, na mtu anauawa. Tunacheka, halafu tunanyamaza, maana hesabu hiyo ni yetu. Ndoto ya dada mmoja, robo. Jirani aliyemwona mama akipita jioni, robo. Mtoto aliyelia alipomtazama, robo. Neno la mtu aliyetoka katika mfungo wa siku tatu, hilo kwetu ni zaidi ya nusu. Musa katika Kumbukumbu la Torati 19 anadai mashahidi wawili au watatu. Hakuna mahali anaporuhusu kuunganisha vipande.

Hatumfanyi Voltaire mtakatifu. Aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi na juu ya Wayahudi, na mwenye kuyasoma leo yatamchoma. Tena hakutuacha sisi Waprotestanti tujisifu: alikumbusha kwamba mwaka wa 1553 Michel Servet alichomwa moto Geneva, mji wa Calvin, kwa sababu ya mafundisho yake. Lakini kwa Calas alikaza miaka mitatu. Aliwatafuta mawakili Paris, akaandika barua nyingi mno, na mwaka wa 1763 akatoa kitabu chake juu ya kuvumiliana. Tarehe 9 Machi 1765 waamuzi wa Paris walitamka kwamba Calas hakuwa na kosa. Mjane wake aliyasikia hayo akiwa hai. Waprotestanti wa Ufaransa walingoja mpaka 1787 ndipo ndoa na watoto wao wakaandikwa kisheria.

Linalotuuma ni kwamba swali la ushahidi liliulizwa na mtu wa nje. Bwana wetu alikuwa amekwisha kuliuliza katika Luka 13: wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, je, walikuwa na dhambi kuliko wengine? Tunalihubiri andiko hilo. Lakini lava ya Nyiragongo ilipoteremka Mei 2021, wengi wetu tulianza tena kutafuta dhambi ni ya nani.

Kuna mama mmoja wa ushirika tunaoujua, aliyeimba kwaya miaka mingi. Jina lake lilitajwa katika maombi ya usiku siku ya Alhamisi, na Ijumaa nyumba yake ikachomwa. Alikimbilia kwa binti yake, mbali. Jumapili tulisoma matangazo yote, ya michango, ya ndoa, ya semina ya vijana, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.