Meno ya Moshono na Utamu Usio na Sukari

Biashara ya vitu vitamu visivyo na sukari inaenea katika miji yetu, Bara na Visiwani. Miongoni mwa vitu hivyo imo zailitoli, unga mweupe unaofanana na sukari kwa sura na unaokaribia kulingana nayo kwa utamu. Hutiwa katika ubani wa kutafuna, ambao wengi huuita bazoka, katika dawa za meno, peremende na vyakula vinavyokusudiwa watu wenye kisukari. Si kitu kibaya. Lakini kila kitu kina mahali pake, nasi tunaona kuwa wananchi na viongozi wanastahili kuelezwa bayana mahali pa kitu hiki.

Wataalamu huiweka zailitoli katika kundi la sukari za alkoholi. Jina hilo lisiwatie hofu ndugu zetu wa Visiwani. Ni jina la kikemia tu, na kitu chenyewe hakileweshi. Kimo kwa kiasi kidogo katika matunda, na viwandani hutengenezwa kutokana na miti au magunzi ya mahindi. Kiligunduliwa Ulaya mwaka 1891. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa mji wa Turku, nchini Finland, walionyesha kwamba watu waliokitumia badala ya sukari walipata matundu machache sana ya meno. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino, lakini zailitoli haviwezi kuitumia hivyo. Tena gramu moja ya zailitoli ina kalori 2.4, ambapo ya sukari ina 4, na haipandishi sana sukari ya damu.

Hapo ndipo Moshono inapotupa funzo. Mtoto aliyelelewa katika kata hiyo ya Jiji la Arusha, au penginepo kwenye miteremko ya Mlima Meru, aweza kuota meno ya hudhurungi ingawa hajazoea peremende. Meno hayo hayakuharibiwa na sukari. Yametiwa doa na floraidi iliyomo katika maji, inayotoka katika miamba ya mlima huo wa volkano. Doa huingia wakati jino linajijenga ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto. Likishaingia, hakuna bazoka wala dawa ya meno yenye zailitoli itakayoliondoa. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika na miguu kupinda.

Kwa hiyo mzazi anayetumia fedha zake kununua utamu huo wa bei kubwa akitumaini kuyang'arisha meno ya mwanawe, huku mtoto akiendelea kunywa maji yale yale, anapoteza fedha na wakati. Tiba ya Arusha ni maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuvumilia hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, na sasa kiwango chetu ni hicho hicho cha 1.5. Kituo cha Ngurdoto kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaweza kuchuja floraidi. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta maji kutoka vyanzo vipya. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba maji yaliyopimwa yanafika katika kila bomba, na kina mama wanaelezwa kuwa hata magadi ya kulainishia makande huongeza floraidi chunguni.

Visiwani hali ni nyingine. Huko wa kushtakiwa kwanza ni sukari yenyewe, katika chai, halua, kashata na soda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, yaani yapata vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima kwa siku. Kwa mtu wa Unguja au Pemba zailitoli yaweza kuwa na faida, lakini haichukui nafasi ya mswaki wala ya kupunguza sukari. Na mwenye kisukari akumbuke kuwa biskuti isiyo na sukari bado ni unga wa ngano.

Madhara nayo yasifichwe. Zailitoli haifyonzwi yote tumboni, hivyo anayeila kwa wingi hupata gesi na kuharisha. Mbwa akiila, sukari ya damu yake hushuka ghafla na aweza kufa. Mwaka 2024 watafiti wa Cleveland, Marekani, walieleza kuwa watu wenye kiwango kikubwa cha zailitoli katika damu walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba zailitoli ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo unatosha kumzuia mtu kuila kwa vijiko kila siku kana kwamba ni dawa.

Ni rai yetu, basi, kwamba Shirika la Viwango Tanzania na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wahakikishe kila kopo na kila pakiti inataja kwa Kiswahili jina la kinachotia utamu, kiasi chake na tahadhari zake. Nchi za Ulaya tayari zinadai onyo la kuharisha kwa vyakula ambavyo sukari za alkoholi zilizoongezwa zimezidi asilimia 10. Hatuoni kwa nini mlaji wetu ajue machache kuliko wao. Maofisa wa afya nao wafundishe shuleni tofauti ya jino lililotobolewa na sukari na jino lililotiwa doa na maji.

Mfanyabiashara ana haki ya kuuza bidhaa yake. Lakini viongozi wa Arusha wasiruhusu utamu wa dukani uwasahaulishe wananchi wa Moshono haki yao ya kwanza, ambayo ni maji salama.