MKATABA WA DEREVA

Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na siku hizi usemi huo hutupiwa madereva wa malori. Kijana wa Kahama akionekana ameshika usukani wa lori lenye namba za Rwanda, hakosi mtu wa kumnyoshea kidole na kusema kuwa anauza jasho lake ugenini. Sisi twaona kwamba lawama hiyo haina haki. Anayestahili kuulizwa si dereva yule, bali ni tajiri wa hapa nyumbani aliyemtumia miaka mingi asimwandikie hata karatasi moja.

Kwanza na tuitazame njia yenyewe. Mzigo wa Rwanda ulioteremshwa bandarini Dar es Salaam husafiri kiasi cha kilomita 1,500 mpaka Kigali. Mwingine huja kwa reli hadi bandari kavu ya Isaka, ukapakiwa malorini. Mwingine huja kwa lori tangu mwanzo. Kutoka Isaka njia hupita Kahama, ikaingia mkoa wa Geita kwa Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, ikashika Nyakanazi mpaka daraja la Rusumo. Sehemu kubwa kabisa ya safari hiyo imo katika nchi yetu. Mwenye lori wa Kigali amtake nani basi, ila mtu aijuaye njia hii, mizani yake na lugha yake? Ndiyo sababu makampuni ya Rwanda yamewaajiri Watanzania wengi.

Wala jambo hili si la kificho. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Kwa kadiri ya ratiba zilizokubaliwa na nchi wanachama, Itifaki hiyo humruhusu mfanyakazi kutafuta kazi katika nchi mwenzi, nayo yakataza kumbagua kwa uraia wake katika ajira na ujira. Avukaye Rusumo kwa haki hiyo hakuikana nchi yake.

Tena kusafiri kwa ajili ya kazi si jambo geni kwetu. Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo kwa vichwa mpaka pwani kabla ya reli kujengwa, na baadaye wengi wakaenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Hatuusifu unamba, ulikuwa ni dhiki na fedheha. Lakini hata manamba alikuwa na kipande chake chenye nafasi za siku thelathini, na kila kazi aliyoimaliza ilitiwa alama. Leo, mbele ya sheria zetu wenyewe, wako madereva ambao hawana hata hicho kipande. Mshahara wao ni neno la mdomo, na posho ya safari hupanda na kushuka kwa hasira za tajiri.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inasema pia kwamba mkataba wa mtu atakayefanya kazi nje ya Tanzania lazima uandikwe. Hata hivyo, Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, wakagoma tena mwezi wa Mei, na miongoni mwa madai yao yalikuwa ni mikataba ya ajira. Walidai kitu walichokwisha kupewa na Bunge miaka kumi na moja nyuma!

Wenye malori wana majibu yao. Husema dereva huuza mafuta njiani, huacha gari porini, na leo yuko hapa kesho yuko kwa mwingine. Hatukatai kwamba wako madereva wa namna hiyo, nao ni aibu kwa wenzao. Lakini mwizi hushtakiwa kwa wizi. Hakuna sheria inayosema kwamba kosa la mmoja liwanyime wote mkataba. Na mtu asiyefungwa na maandishi yoyote, kwa nini tushangae akiondoka?

Lakini tusimdanganye dereva kwamba ng'ambo ya Rusumo matatizo yamekwisha. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Rwanda iliamuru malori yakabidhiwe kwa madereva wengine mpakani. Watanzania waliokuwa wakiendesha malori ya Rwanda waliona usukani ukiwatoka mikononi kwa siku moja. Mwezi wa Mei kukawa na maandamano Rusumo, mpaka serikali mbili zikakaa zikapatana. Somo ni hili: siku jirani atakapofundisha vijana wake wa kutosha, asiye na mkataba ndiye atakayeshushwa wa kwanza. Na lori likipinduka milimani, mjane wa Kahama ataonyesha hati gani ili adai fidia?

Basi twashauri mambo matatu. Maofisa wa kazi wasingoje ofisini, bali waende Isaka, Kahama na Rusumo, na kila dereva avukaye aulizwe mkataba wake kama anavyoulizwa leseni. Vyama vya wafanyakazi vya nchi hizi mbili vishikane mikono, ili Mtanzania aliyeumia Kigali apate wa kumsemea huko huko. Na madereva wenyewe wajiunge na vyama vyao, wakatae kutia sahihi karatasi tupu, na nakala ya mkataba iachwe nyumbani kwa mke au mzazi, isikae ndani ya lori.

Wanachama wenzetu wenye malori, nanyi mmo. Hamuwezi kusimama mkutanoni kuutetea utu wa mfanyakazi, kisha mkarudi nyumbani mkawalipa madereva wenu kwa kukisia. Mwandikieni dereva haki yake. Akiisha kuandikiwa, akataka kwenda Kigali, na aende kwa heri. Hapo tutajua kwamba amechagua, hakufukuzwa.