Watoto hawaimbi kwa kuamriwa
Makala yako kuhusu kuwafundisha watoto kuimba ni nzuri, ila umesahau vyombo vya kutikisa. Nafundisha shule ya Jumapili, na wimbo mpya siuandiki ubaoni, maana wadogo hawajajua kusoma. Naimba mstari, wanaitikia, kisha tunaucheza: mkono wangu ukipanda wanapaza sauti, ukishuka wananong'ona, nikikunja ngumi, kimya! Anayeponyokwa na sauti ndiye anakuja mbele kuongoza, na wengine huponyokwa makusudi. Vyombo vya kutikisa tulijitengenezea: vizibo vya soda tulivitoboa kwa msumari tukavitunga kwenye waya, kila mtoto akapata chake cha kutikisa. Wazee wanaolalamikia kelele wakumbuke Zaburi ya 150 inataja matari na matoazi. Walimu wenzangu, ushauri mmoja tu: vikusanyeni vyombo vyote kabla mahubiri hayajaanza.