Saa ya Nani, Mpakani Njisi?

Kila mwaka tunakisikia kilio kile kile: washairi wetu hawaonekani nje. Tukialikwa wanakwenda wawili, na wa pili aghalabu si mshairi. Sababu tunayopewa ni moja, kwamba fedha hazitoshi. Mimi naikataa. Kinachokosekana kwanza ni adabu ya kupanga safari.

Nitoe ushahidi wa nafsi yangu. Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa watunzi watano kwenda Malawi kwa njia ya nchi kavu. Tulivuka kwa boti kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, tukapanda basi hadi Mbeya, tukalala, kisha tukateremka kupitia Tukuyu mpaka Njisi, wilayani Kyela, penye kituo cha mpaka cha Kasumulu na daraja la mto Songwe. Ratiba ilisema tutafika langoni saa kumi na moja na nusu jioni. Kweli tulifika, lakini kwa saa ya Malawi, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Kwa saa yetu ilikuwa kumi na mbili na nusu, na lango lilikwisha fungwa. Aliyeipanga safari ile hakumwuliza hata dereva mmoja.

Mkubwa wetu, mzee aliyepindukia miaka sabini, aliketi juu ya sanduku lake kandokando ya barabara. Juu ya malazi ya usiku ule ratiba haikuwa na neno. Aliyetusitiri ni mama mmoja muuza chakula. Alitupa wali wa Kyela na samaki wa ziwani, akawahamisha wanawe chumbani ili sisi tulale. Usiku huo mzee alighani, majirani wakajaa uani. Nasema bila ya haya kwamba hadhira ile ilimsikiliza kuliko ukumbi tuliokuwa tukiuendea.

Watetezi wa ndege husema kuwa wazee hawayawezi mabasi. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mzee hawezi kukimbizwa usiku na mchana kama furushi, lakini anaiweza safari iliyokatwa vipande: alale Mbeya, alale Njisi, avuke asubuhi akiwa amepumzika. Mwenye maradhi apewe ndege, hilo sibishani nalo. Ninalolipinga ni tiketi ya mkubwa wa kamati kumeza nauli za watunzi wanne waliobaki nyumbani.

Na malazi? Tumejizoeza kudhani kuwa heshima ya mgeni ni hoteli. Tazameni Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza zama za Banda, pakafanywa kambi mwaka 1994. Mwaka 2014 mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, alianzisha humo tamasha la Tumaini. Wageni kutoka nje wamepata kulazwa majumbani mwa wakimbizi wenyewe, wakala chakula chao na kusikiliza habari zao. Kiswahili ni miongoni mwa lugha za kambi ile. Ikiwa watu waliopoteza makwao wanaweza kumpangia mgeni pa kulala, sisi wenye majumba ya mawe na barza tuna udhuru gani? Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni ngoja, kamati haijakutana.

Basi nawasihi watunzi wenzangu, kabla ya kuitikia mwaliko wowote tuulize mambo matatu. Ratiba imeandikwa kwa saa ya nani? Usiku wa njiani tunalala kwa nani? Na mzee wetu atapokewa na nani kwa jina? Mwaliko usiojibu haya tuurudishe kwa heshima.

Yule mzee aliporejea Unguja aliapa kwamba hasafiri tena, na hakusafiri. Sasa ametangulia mbele ya haki. Mashairi yake mengi hayakuandikwa popote, aliyaweka kifuani. Uani kwa mama yule wa Njisi alighani matatu ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuyasikia, wala hatukuwa na kalamu mkononi. Hiyo ndiyo hasara ya safari isiyopangwa, na hakuna kamati iliyoiandika katika hesabu zake.