MADAKTARI WETU WAFUNDISHWE KISWAHILI PIA

Nina maoni ambayo nimeyabeba rohoni tangu likizo ya Agosti.

Likizo hiyo nilimsindikiza nyanya katika hospitali moja kule Homa Bay. Daktari alikuwa kijana, tena mwenye heshima. Aliuliza maswali kwa Kiingereza, nami nikawa mkalimani. Nyanya aliposema ana shida ya "chuny", nilijibu haraka kuwa ni ini. Basi ikawa kubonyezwa tumbo na kutumwa maabara. Kumbe! Kwa Kijaluo chuny ni ini, lakini pia ndiyo roho yenye majonzi. Nyanya alikuwa bado anamlilia babu, hali wala halali. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Kiingereza changu kilifika kwenye ini kikaishia hapo. Lakini je, mtoto wa miaka 16 ndiye awe daraja kati ya daktari na mgonjwa?

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka wa 1967, na kile cha Moi, Eldoret, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990. Moi kina sifa ya kuwatuma wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashambani, wajifunze maisha ya watu na si vitabu tu. Hilo ni jambo zuri mno. Hata hivyo, miaka yote sita masomo ni ya Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza. Mgonjwa naye haugui kwa Kiingereza!

Wengine watasema, "Si afadhali wajifunze Kijaluo?" Jamani, hapa Migori tu kuna Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na Wasomali, na kesho daktari atahamishiwa Turkana. Hawezi kuzijua lugha zote. Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na tangu Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pia.

Kwa hivyo naomba vyuo viweke mtihani wa kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili, na asiyepita asiingie wodini. Nasi tunaotamani udaktari tuache kudharau Kiswahili ati ni somo la walioshindwa na hesabu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, lakini maumivu yake lazima aulizwe, tena kwa lugha anayoisikia.